Maziwa Bila Mutoto

Batu ya Nchelenge, sikieni hii. Maziwa ilinitoka, na sikuwa na mutoto wa kunyonyesha.

Ilikuwa 1999. Nilikuwa naanika chisense, ile samaki kidogo-kidogo ya ziwa, nikaona blauzi imelowa kifuani. Nikafikiri ni jasho. Nikaminya kidogo. Mayo! Nyeupe kabisa.

Michée, mutoto wangu wa mwisho, alikuwa tayari anasoma. Na bwana yangu Florent, vita ilimukwamisha ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, tangu mwaka uliopita.

Mama mukwe aliona mbele ya miye kujifunika.

"Aurélie, mimba ya nani umetupa?"

"Mama, hakuna mimba!"

"Basi maziwa inatoka ku mawe?"

Nikaenda kliniki. Daktari Kabamba akauliza dawa gani nakunywa. Nikamuonyesha vidonge vya kuzuia kutapika, Florent ndiye alivituma. Tumbo ilikuwa inatusumbua, nyumba yote tulikuwa tunavikunywa: miye, mama mukwe, na binti yake Fidélie.

"Ni hivi," akasema. "Vinaamsha homoni ya maziwa. Mwanamuke anayeona damu ya mwezi, inamupanda sana. Mwanaume, ao mama aliyeacha kuona damu, mara mingi hata hasikii kitu. Acha kuvikunywa, itakauka."

Nikarudi mbio, nikaeleza yote. Mama mukwe akacheka.

"Dawa ni moja! Miye nakunywa, matiti yangu kavu. Florent anakunywa kule, hakuna kitu. Weye tu ndiye ng'ombe?"

Utamueleza nini mutu aliyekwisha kukata kesi?

Akatuma neno kwa Florent. Jibu likarudi na wachuuzi wa samaki: nirudi kwetu Chienge, Michée abaki.

Nilikuwa nafunga vitu, mutoto amenishika kitenge analia, Fidélie akaingia. Fidélie wa kwaya, hajaolewa, mama yake anaapa mbele ya kanisa nzima kwamba hajajua mwanaume.

Blauzi yake imelowa.

"Mama, angalia! Na miye!"

Nikasimama. Nikangojea lile swali: mimba ya nani?

Mama mukwe akamuvuta binti yake, akamufunika na kitenge chake mwenyewe, akapiga kelele majirani wote wasikie:

"Hii dawa mubaya! Si daktari alisema?"

Yesu wangu! Maziwa ni ile ile. Kwangu ilikuwa uzinzi, kwa binti yake ikawa dawa.

Hakuna aliyenifukuza tena, nilibaki pale na Michée wangu. Samahani? Sijaisikia mpaka leo.

Ndugu zangu, mbele ya kuhukumu mwili wa muke wa mutu, jiulize kama ungemuhukumu hivyo mutoto uliyemuzaa.