Kidole cha Ethel na Mashine ya Baba Pili

Ethel alijifunza kupiga chapa Masasi, katika ofisi ya kanisa, kwenye mashine kuukuu ambayo herufi "a" ilikuwa haiji mpaka uigonge mara mbili. Pigo la kwanza liliiamsha, la pili ndilo lililoandika. Akazoea. Na Kiswahili chetu mnakijua, hakiendi hatua bila "a", basi kidole chake cha mwisho cha kushoto kilifanya kazi kuliko vingine vyote.

Mwaka huo mikorosho ilizaa mno. Muharami, mnunuzi wa korosho pale Newala, ambaye sote tulimwita Baba Pili, akanunua mashine mpya inayong'aa kama sufuria ya harusi, akatafuta wa kuipiga. Mimi nilikuwa nikimuuzia magunia matupu ya kutilia korosho, nikampeleka Ethel. Kwao Kitangari mama yake alikwishasema: ukiikosa kazi hii, unarudi kuteka maji bondeni. Na bonde lenyewe si la mchezo. Unalishuka ukiimba, unalipanda huna hata sauti ya kulalamika.

Jaribio likawa barua ya kwenda Mtwara. Lori la kuipeleka lilikuwa uani, dereva ameshaanza kupiga honi. Ethel akaamkia, akakaa, akagonga chapuchapu. Baba Pili akachukua karatasi, akaisoma kwa sauti.

"'Kwaa Bwaanaa Mkubwaa.' Binti, hii ni barua, au unamwita mtu ng'ambo ya bonde?"

Lukmani, karani wake wa siku nyingi, alicheka hata kofia ikamdondoka.

"Samahani, Baba. Narudia polepole."

Akarudia polepole. Zikatoka "a" mbili mbili zile zile, ila sasa zilitoka kwa adabu. Ethel alikikodolea macho kidole chake.

"Mtukutu huyu! Namwambia moja, anapiga mbili!" Akaangua kicheko, akashindwa kujizuia. Mimi nami nikaambukizwa.

Baba Pili hakucheka. "Naenda kuswali. Nikirudi nikute barua, au nikute kiti kitupu."

Nilikuwa mlangoni nakula bibo, lile tunda la mkorosho, maji yake yananitiririka hadi kwenye kiwiko, vidole vinagandana. Nikaviangalia. Mkono wa mtu hauwezi kubadilika kwa muda wa swala moja. Lakini mashine?

"Ethel, wewe umeshakuwa hivyo. Tuibadilishe hiyo."

Hakusubiri nimalize. Alinipokonya bibo, akaliminya tone kwenye shina la kile kijiti chenye herufi "a". Tukapuliza kwa zamu, mashavu yamevimba, mpaka likanata. Akagonga mara moja: kijiti kikainua kichwa, kikalala. Akagonga tena: "a" hiyo! Akapiga kigelegele. Lukmani akaja mbio kutoka uani akidhani kuna mtu amejifungua.

Baba Pili alirudi akakuta barua safi, haina doa.

"Mashallah! Hii ndiyo barua."

"Hata mimi ningeweza," Lukmani akasema, akajikalisha. Akapiga jina lake. Likatoka "Lukmni".

"Gonga mara mbili, kaka," Ethel akamwelekeza.

Akagonga mara mbili, kila herufi. "Lluukkmmannii."

Baba Pili akamsukuma kando, akajaribu mwenyewe. Karatasi ikamwita "Muhrmi". Akageuka.

"Mashine yangu mmeifanya nini?"

"Tumeifundisha kazi, Baba Pili," nikamwambia. "Sasa ina mtu wake."

Akafungua kinywa, honi ikamkatiza. Barua nyingine za Mtwara zilikuwa bado, na dereva alikuwa akipiga kelele kwamba anaondoka. Baba Pili akatazama lori, akatazama jina lake lililong'oka meno, mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akashika meza.

"Haya, binti, kaa. Kazi ni yako. Piga upesi!"

Ethel akakaa, akainyoosha sketi yake, akaipakata mikono mapajani.

"Ahsante, Baba. Sasa tuzungumze mshahara."

Baba Pili akanitazama mimi. Nami nikaanza kuyakunja magunia yangu, kama sikusikia.