Mbegu za Shemeji

Mgeni aliteremka kwenye lori akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Bibi Dawa, mwenyeji wake, alikuwa amechuchumaa jikoni akikaanga mbegu nyeusi bila mafuta.

Zilikuwa za ua la njano linalochipua bondeni, kwenye changarawe, siku chache baada ya mvua. Miaka thelathini Bibi Dawa alichuma kiasi tu, akaacha mengine yapukutishe mbegu. Majani yake aliyachemsha kuoshea vidonda. Kisha shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaleta magunia, akang'oa maua ya bonde zima yakiwa bado machanga, akayauza mjini. Tangu hapo mvua hunyesha juu ya mchanga mtupu, na wagonjwa hurudi na vidonda vyao.

Adhuhuri shemeji akaja, mpole kama maji ya mtungini.

"Shemeji, yaliyopita si ndwele. Nigawie mbegu nipande upya."

"Tugange yajayo," alisema Bibi Dawa, akimjazia mfuko zile za kikaangoni, zilizokwisha kupoa.

"Mbona zinanukia?"

"Nimezianika juani. Ulitaka nizipake marashi?" Akamsindikiza hadi mlangoni. "Zisipoota mwaka huu, usichoke. Hulala mchangani hata miaka saba. Wewe ngoja tu."

Alipokwenda, mgeni akauliza kama zitaota kweli.

"Kaanga njugu, uzipande, uone."

Bibi Dawa akafunga mbegu mbichi kwenye pindo la nguo, akashika njia ya korongo la mbali asilolijua shemeji. Mgeni akabaki mlangoni. Kule bondeni shemeji alikuwa ameinama, akifukia mbegu mojamoja.