Shavu Chini ya Kichanja

Mwezi uliopita nilikuwa Geita, katika ofisi moja ya watafiti wa madini, nikisubiri barua yangu igongwe muhuri. Mezani kwa katibu muhtasi palikuwa na kichanja kipya cha mninga, cha kubebea skrini mbili za kompyuta, nzito kama magunia. Fundi wake alikuwa mzee aliyefunga matimba, yale magogo yanayozuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke, kwa miaka mingi machimboni Nyarugusu.

Katibu alikitikisa kwa ncha ya kidole. “Baba, hiki kitabeba kweli? Zikianguka, sina kazi.”

Mzee akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha katibu, akalaza shavu mezani, chini ya kichanja. “Haya, wekeni.”

“Toka kwanza, baba.”

“Shimoni, mwanangu, aliyefunga matimba ndiye anayetangulia kuingia.”

Wanaume wawili wa ofisini wakazipandisha skrini taratibu, kama wanaolaza mtoto. Kichanja hakikulia. Mzee, shavu likiwa palepale, akaomba chai. Katibu akampelekea kikombe kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata nilihudhuria uzinduzi wa daraja. Nikamtafuta mkandarasi chini yake. Alikuwa jukwaani, mbali nalo kabisa.