Mababu Saba wa Joka

Kaka yangu hunikemea nikitaja ramli, ati ni shirki. Lakini katuni ya majoka anayoipenda kutazama anaifasiri kwa karata za wapiga ramli wa Kizungu: mchawi aliyening'inizwa kichwa chini ni hekima, mnara ukianguka ni kiburi. Nilimwambia hapa kwetu Utende, kwa wavuvi, anayening'inizwa hivyo ni pweza, na hapati hekima, anakauka. Akaninunia. Akajifungia chumbani kutunga kisa cha yaliyotokea kabla ya katuni hiyo, chenye mababu saba wa joka, kila mmoja na jina lake.

Shaabani ilipofika, tukampa yeye kalamu aorodheshe marehemu wetu, maalimu awaombee kwenye hitima. Akaandika baba, akaandika babu, kisha akanigeukia: "Baba yake babu aliitwa nani vile?"

Nikamwambia akamuulize joka.