Diski Moja Imekufa

Niliondoka Sumbawanga kwa sababu ya ujumbe wa maneno matatu: "Diski moja imekufa." Aliuandika Mama Oliva, anayetunza maktaba ndogo kijijini, karibu na Chala. Kompyuta ya maktaba ile ina diski mbili zilizobeba mambo yaleyale, na humo zimo sauti alizorekodi marehemu mume wake miaka yake ya mwisho. Nakala nyingine haipo popote. Diski iliyobaki ikifa nayo, mzee atanyamaza kabisa.

Saa kumi na mbili asubuhi basi la Namanyere liliondoka. Baridi ilikuwa kali. Diski mpya niliipakata ndani ya sweta. Kiti cha pembeni yangu hakikupata mtu, nikakiwekea mkoba. Nje, mahindi yalikuwa yameshavunwa na uwanda umebaki mtupu. Mchungaji wa Kisukuma alisimama na ng'ombe wake kulitazama basi mpaka tukamwacha.

Chala nilishuka kabla ya saa nne, nikatembea nusu saa. Mama Oliva alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kutibu au kuzika?"

"Kutibu."

"Basi ingia, mgonjwa bado anapumua."

Nilimweleza kwamba hatutazima kompyuta, maana diski kongwe ikizimwa inaweza isiwake tena. Tungechomoa iliyokufa na kuchomeka mpya huku mashine ikiendelea na kazi. Diski zilikuwa zimebandikwa karatasi, 1 na 2. Nikashika ya 1, nikaanza kuilegeza.

"We fundi! Unamchomoa mzima?"

"Si uliandika diski moja imekufa?"

"Moja kati ya mbili! Ingekuwa namba moja ningesema ya kwanza. Au Kiswahili huko Sumbawanga nacho kimekufa?"

Nikatoa mkono. Nilisoma kwenye skrini namba ndefu ya diski iliyokufa, kisha nikailinganisha na zilizochapwa kwenye diski zenyewe. Ilikuwa ya 2. Nikaikaza tena ya 1, nikachomoa ya 2.

Saa tano nilichomeka mpya, nikatoa amri ya kunakili, skrini ikaanza kuhesabu asilimia.

"Naweza kumsikiliza, au tumwache kwanza?"

"Msikilize tu, mama. Faili zinafunguka kama kawaida."

Sauti ya mzee ikatoka, kwa Kifipa. Mama Oliva alisema ni kuhusu matuta ya mviringo, namna ya kufukia majani yaoze. Baada ya hapo hakunitafsiria tena. Kila mzee alipopumua, yeye aliitikia "eeh", na mara moja alimcheka. Mimi si Mfipa. Nilikodolea macho asilimia.

Saa tisa kazi iliisha, nikakagua, hakuna faili iliyopotea. Alinifungia viazi vya kuchemsha, nikawahi basi la mwisho.

Tangu siku hiyo siigusi diski kabla ya kusoma namba iliyochapwa mwilini mwake, hata aliyeniita awe amesema nini.

Saa moja jioni nilikuwa mlangoni kwangu, ufunguo mkononi, simu ikalia. Mama Oliva: "Umefika? Huku tuko wawili."

Nilijibu: "Nimefika, mama. Huku mmoja."

Safari hii hapakuwa na haja ya kuuliza ni yupi.