Siku Niliyoupalilia Mlima

Hadi leo nikikutana na watu wa Isongole huniuliza jembe langu liko wapi, nami nainamisha kichwa, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe.

Bi Neema, mtaalamu wa misitu, alikuwa amezungushia vigingi na kamba vipande vitano vya ardhi kule mlimani, kila kimoja ukubwa wa mkeka mdogo, ili kila masika yakiisha aangalie mimea imefunika udongo kiasi gani, ajue mlima unapona au unazidi kuchakaa. Kazi yangu ilikuwa kulinda vigingi visiishie kuwa kuni jikoni kwa mtu. Siku moja akapiga simu, "Baba Tusa, kesho naja na wageni." Basi. Marehemu mke wangu (alikuwa hajatimiza mwaka kaburini) hakukubali mgeni akute jani uani, na tangu aondoke mikono yangu haijui ikae wapi, kwa hiyo alfajiri nikapanda na jembe na ufagio, nikapalilia vipande vyote vitano, nikafagia, nikasimama kuvitazama nikiona kabisa angenisifu.

Wageni wakafika pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Bi Neema alizunguka vipande vyote vitano. "Ng'ombe wameingia," akasema.

Mwenye ng'ombe upande ule ni mmoja tu, jirani yangu Ambakisye, naye alikuwa amewabebea wageni mizigo. Mwenyekiti akamgeukia. "Kuanzia leo ng'ombe wako hawapiti tena huku kwenda mtoni."

"Mwenyekiti," Ambakisye akajibu taratibu, "ng'ombe wangu wanakula. Hawafagii."

Wote wakainama. Mistari ya ufagio ilikuwa pale, imenyooka vizuri. Nikaomba ukungu ushuke (kwetu hushuka bila kuombwa, siku hiyo jua lilikuwa kali), lakini Ambakisye alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisikia wageni wanakuja."

"Na majani umepeleka wapi, baba?" Bi Neema akauliza.

Ningeweza kunyamaza. "Nimewapa ng'ombe wa Ambakisye."

"Basi kumbe walikula kweli," akasema mwenyekiti, na hapo Bi Neema akaketi chini akicheka huku anafuta machozi, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Njia ya mtoni haikufungwa. Vipimo ndivyo vilivyoanza upya.

Siku hizi napanda kule mikono nimeifunga nyuma. Katikati ya kipande cha tatu limeota gugu moja, refu, linanitazama. Silipalilii.