Daraja Tumerekebisha Kidogo

Nakumbuka siku moja ya vita ambayo hata sasa ikinijia, nasukuma sahani kando. Kaa hapo, mwanangu Zawadi. Iache hiyo kompyuta. Leo baba yako mdogo amekasirika, na hasira yangu ina umri kukushinda wewe.

Wakati ule treni haikuja mjini kwetu Kindu, wala lori. Chumvi ilikuja juu ya baiskeli zetu. Tulizisukuma msituni toka Kibombo, toka Tunda, tukiimba ili tusisikie njaa. Mimi nilikuwa kijana wa kuchekacheka, naota tu nitanunua redio. Na tulikuwa na desturi: anayetoka njiani hatui mzigo wala hanywi maji kabla hajawaambia wanaokwenda njia imebadilika wapi. Wengine walikuwa na bunduki. Sisi tulikuwa na hilo.

Siku hiyo tulikutana na Kasongo, mkuu wetu sisi wasukuma baiskeli, akitoka tunakokwenda. Baba yako, kaka yangu Ramazani, akamuuliza habari ya njia. Kasongo akacheka.

"Daraja tumerekebisha kidogo. Pita tu, kaka, iko bien, iko muzuri!"

Baba yako akapita. Na Kasongo hakusema uongo, hapo ndipo uchungu wangu ulipo! Yeye na wenzake walikuwa wameyang'oa magogo ya daraja la zamani, wakayatandika mahali pengine, mto unakoteremkia. Pale pa zamani wakafunika kwa matete, ili wenye silaha wakitazama kwa mbali wadhani daraja ni lile lile. Kazi safi kabisa. Baba yako alikanyaga matete, akaanguka nayo mtoni.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alisikia.

Tulipombeba hadi kijijini, Mzee Salumu, aliyetulea wote, akamgeukia Kasongo, aliyekuwa ametangulia kufika.

"Kurekebisha njo nini? Uliongeza? Uliondoa? Ulihamisha?"

"Lakini baba, daraja mupya iko nguvu! Hata ngombe anaweza..."

"Sikukuuliza nguvu! Mutu anaweka muguu yake wapi, njo nakuuliza! Magogo yako nani aliyaona? Ramazani aliona mudomo wako tu!"



Sasa na wewe. Leo asubuhi umenieleza kazi yako, nami nikafurahi, maana mashine moja kugawanywa iwe nyingi, kila moja ikijidhani iko peke yake nyumbani, ni jambo la kumfanya hata mzee aote tena. Programu yako iko chini ya programu zote, kama magogo chini ya miguu. Nikakuuliza umebadilisha nini. Ukasema umehamisha mpaka wa kumbukumbu kati ya mashine hizo, na anayeweka programu mpya asipozizima zote kwanza, moja itaandika mambo yake juu ya yale ya jirani yake na kuyafuta. Haya, watakaoipokea umewaandikia nini? Ukanisomea: "Marekebisho madogo ya kumbukumbu."

Madogo!

"Baba mudogo, wataona wenyewe ndani ya programu," ukaniambia, tena unatabasamu.

Wataona! Yule fundi wa kompyuta wa hospitali kule Punia, umeme wake wa kubahatisha, wagonjwa wanamsubiri mlangoni, ndiye atakayeinama kuchungulia magogo yako? Atasoma mstari wako mmoja, atakanyaga. Na habari za wagonjwa, nani alipewa dawa gani, zitazama. Wewe utasema kazi ilikuwa nzuri. Kasongo naye alisema.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Usiseme umerekebisha pale ulipohamisha. Usiseme umesafisha pale ulipoondoa. Kitaje kitu chenyewe, kilikuwa wapi na sasa kiko wapi, na mtu afanye nini kabla hajapita, na nini kitaharibika asipofanya. Hilo neno "kidogo" mwachie mpita njia. Atalisema mwenyewe akishafika ng'ambo.

Haya, futa. Andika upya, kisha umsomee baba yako, yule anakuja na fimbo yake, na kompyuta haijui hata chembe. Akielewa pa kuweka mguu, tuma.

Mungu akupe mikono ya kazi, mwanangu, akupe na mdomo unaolingana nayo. Na kila atakayepita nyuma yako, avuke akiwa mzima.